TAHADHARI: Huyu "dokta" wa mashine ya kurudisha maneno ni tapeli

Jamani wenye wagonjwa wa kiharusi nyumbani, kuna mtu anazunguka Dar na mashine ya kichwani ya "kufungua ulimi". Mwizi huyo. Tena mwizi mwenye adabu, alivyoingia kwetu alimpa mzee shikamoo mpaka akapiga goti.

Sikieni alivyofanya. Katoa mkanda wenye sponji mbili, kazilowesha maji ya chumvi, kanifunga mimi kwanza eti nihisi mwenyewe. Nikahisi kweli, kwenye paji la uso panachoma kama sindano ndogondogo. Halafu akamfunga mzee, taa ya kijani ikawaka, akamshika mkono akaanza taratibu, "moja... mbili... tatu..." na mzee, ambaye tangu aanguke neno lake ni "hii hii" tu, akadakia nne, tano, sita mpaka kumi! Mama kapiga vigelegele jirani akaja mbio. Mimi machozi tu. Sasa niambieni, nani pale angeanza kudai risiti? Nikamrushia laki nane na nusu palepale, ile hela ya mchango mnayoijua.

Na msiseme sikusoma, nilisoma. Hiyo kitu ipo, ni umeme mdogo wa miliampi 1 au 2, wanaupitisha kichwani kama dakika 20, na 2018 ulitoka utafiti Marekani wa watu 74 wenye afasia (kupotelewa na maneno baada ya ubongo kuumia) ambao ulitia moyo. Ila kule umeme unaenda sambamba na mazoezi ya kulinganisha maneno na picha, na mpaka leo ni mambo ya utafiti. Huyu alituambia mazoezi tuache, "yanachosha ubongo". Kile kibali cha Marekani cha 2008 alichokuwa anakipeperusha kumbe ni cha mashine ya sumaku ya kutibu sonona, haihusiani kabisa na likopo lake.

Aliyenikata maini ni dada wa mazoezi ya kuongea. Anasema kuhesabu, kusali, kuimba, wenye afasia wengi wanaweza bila mashine yoyote, ukiwaanzishia tu yanajiendea kwa mazoea. Hapohapo mashine imezimwa akaanza "Jumatatu, Jumanne" mzee akamaliza wiki nzima. Akamnyanyulia kikombe ataje, kimya. Na kule kuchomachoma nako si ushahidi, kwenye tafiti hata wale wa mashine ya geresha wanawashiwa kidogo mwanzoni wahisi hivyohivyo, halafu inazimwa.

Fundi simu kabandua stika ya hiyo mashine, chini yake picha ya mgongo na goti. Mashine ya kukanda misuli! Kichwani kwa baba yangu! Mpaka leo ana alama nyekundu kwenye paji.

Dalili zenyewe: hana ofisi, hakuuliza kama mzee ana kifafa au chuma kichwani, hataki hospitali wajue, bei inashuka ukinyamaza. Mengine nitakumbuka hasira zikipungua.

Mtu kama huyu dhamana ya nini? Afungwe, na huo mkanda wake avalishwe yeye, tuwashe mpaka ahesabu laki zetu moja moja kwa sauti. Namba haipatikani tena, nasikia kahamia upande wa Kibaha. RB ya polisi ninayo, anayejua nyumba anayolala anicheki inbox hata usiku wa manane.