Mombasa au Shimoni: siku moja ng'ambo ya Horohoro

Ukiwa likizo Tanga, ukitaka kuvuka mpaka wa Horohoro kuingia Kenya asubuhi na kurudi jioni, wengi watakutajia Mombasa. Kweli, Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga 1593, inastahili kuonwa, na vichochoro vya Mji wa Kale pia. Lakini foleni ya feri ya Likoni hula saa zako.

Mimi nachagua Shimoni, kijiji cha pwani ya kusini ya Kenya. Iko karibu zaidi na mpaka, huvuki kivuko cha Likoni. Unashuka kwenye pango walimofungiwa watumwa (moyo unakuwa mzito mle ndani), kisha unapanda mashua hadi kisiwa cha Wasini, ule samaki na kuwasikiliza Wavumba wakizungumza Kivumba chao, lahaja yetu ya pwani.

Pasipoti igongwe muhuri, kwenda na kurudi.