Hadubini ya kuchomeka kwenye simu, Kariakoo: kwa nzi wa ndizi inatosha kabisa

Walimu wenzangu wa baiolojia habari zenu. Nafundisha sekondari huku Mbagala, mwezi uliopita niliingia Kariakoo nikachukua ile hadubini ndogo ya kuchomeka kwenye simu, elfu sitini na tano baada ya kuvutana bei mpaka jua likanichoma. Kwenye boksi wameandika inakuza mara 1000, huo ni uongo, seli za damu huzioni ng'o. Stendi nayo inalegea ukigusa tu meza. Ila mimi shida yangu ilikuwa nzi wa matunda, na kwa nzi hii kitu inapiga kazi aisee.

Niliacha ndizi mbivu kwenye kopo, siku mbili wamejaa, nikawaingiza kwenye friji dakika chache wapoe wasiruke, nikawamwaga juu ya karatasi nyeupe. Jicho lile! Jekundu, vitone vimejipanga kama punje kwenye gunzi, na dume unamjua kwa ncha ya tumbo nyeusi. Kidato cha nne wote kimya wanagombania kuona, alafu binti mmoja akauliza, mwalimu, sasa nzi na sisi wapi na wapi?

Hilo swali nimelibeba mpaka nyumbani. Mwaka 1910 kule New York, mwanasayansi Thomas Hunt Morgan alimpata nzi dume mwenye macho meupe, akaja kuonyesha jeni ya rangi hiyo, yani kile kipande kinachobeba sifa ya kurithi, inakaa kwenye kromosomu X, moja ya vijiuzi vinavyobeba jeni ndani ya seli, na nzi hakuchaguliwa kwa kufanana na mtu, alichaguliwa kwasababu anakula kidogo, ana jozi 4 tu za kromosomu na kwenye nyuzi joto 25 yai linakuwa nzi kamili kwa siku kama 10. Yani tunaanza na urahisi, alafu ndo tunategemea alichotuambia kiwe kweli na kwetu. Kwenye urithi kimekuwa kweli kwasababu mtambo ni uleule, sisi na nzi tumetoka kwa babu mmoja wa kale sana. Na hata huyo wa maabara si nzi wa jalalani tena, asili yake ni Afrika hukuhuku lakini amezalishwa kwenye chupa vizazi na vizazi, chakula kilekile, joto lilelile, hajui mvua wala mjusi.

Kwahiyo nilimjibu binti, inategemea unamuuliza nini. Ukimuuliza jeni zinarithiwaje anakujibu vizuri sana, ukiuliza dawa itanifanyaje mimi, hata kima anaweza asitoshe. London mwaka 2006 wanaume 6 walichomwa dawa inaitwa TGN1412, kipimo kidogo mara 500 kuliko kile kilichoonekana salama kwa wanyama, kima wakiwemo, wote 6 wakaishia chumba cha wagonjwa mahututi. Sasa darasani kwangu ukisema dawa fulani imeponya panya lazima useme panya huyo kafanana na sisi kwenye nini hasa, sikubali vinginevyo.

Mkienda kununua jaribuni palepale dukani, wekeni shati chini ya lenzi muone nyuzi zake, na muangalie waya unaingia kwenye simu yenu, mimi nilipewa wa simu za zamani ikabidi nirudi siku ya pili kwa nauli yangu, wakabadilisha bila maneno. Stendi nimeikaza kwa raba ya baiskeli, mpaka leo imetulia.