TAHADHARI: "Dawa ya povu" ya machungwa inayozungushwa Muheza

Wakulima wa machungwa Muheza na vijiji vya kuelekea Amani: kuna jamaa wa pikipiki anauza siku za gulio "dawa ya povu" kwenye chupa za soda za nusu lita, sh 15,000 moja. Haina lebo, kizibo kimezungushiwa selotepu. Msinunue.

Mbinu yake ni hii. Anachuma kitawi chenye povu jeupe, anasema ni ugonjwa unaokausha mti, anamwagia dawa, povu linayeyuka. Maji matupu yangefanya vilevile. Ukilichokonoa povu hilo kwa kijiti utamkuta tunutu (mdudu mchanga) mdogo, laini, amegandia tawi anafyonza. Anakunywa maji yanayopanda kutoka mizizini, na kwa kuwa hayana lishe ya maana hunywa mengi mno, kisha huyatoa nyuma akiyatia hewa. Watu huyaita mate. Kumbe yanatoka upande wa pili. Povu humkinga asikauke. Mapovu machache kwenye mchungwa mkubwa hayastahili hata shilingi mia.

Halafu anaonyesha majani yenye masizi meusi, eti ni povu lilelile limekomaa. Hapo ndipo penye uongo mkubwa. Masizi ni ukungu unaoota juu ya majimaji matamu ya wadudu wengine: vidukari, vidugamba na inzi weupe. Hao hufyonza utomvu wenye sukari na kuitoa inayozidi. Mdudu wa povu hana sukari ya kutoa. Futa jani kwa kitambaa kilicholowa, weusi utatoka. Mhusika usimtafute kwenye jani hilo, geuza majani yaliyo juu yake uangalie mgongoni mwake.

Onyesho lake la mwisho ni matone kwenye glasi ya maji: yakigeuka meupe kama maziwa, "ndiyo orijino". Hata dawa za kusafishia choo zipo zinazogeuka hivyo.

Kipimo anachotoa ni "vizibo viwili kwa pampu". Pampu ya lita 15 au 20? Ukizidisha, majani yanaungua. Ukipunguza, wadudu wanabaki. Siku za kusubiri kabla ya kuvuna hasemi kabisa. Na kama ndani mna sumu kali kweli, wa kwanza kufa ni maji moto, wale sisimizi wanaoshona majani, ambao huwawinda wadudu wengi waharibifu. (Wanauma, na wao huwalea vidugamba kwa ajili ya utamu, lakini shamba lisilo nao lina hasara zaidi.)

Kiuatilifu halali kina lebo yenye jina la kiambato na kiasi chake, namba ya usajili ya TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania), tarehe ya kuisha na siku za kusubiri. Dai risiti.

Povu lipige maji ya pampu kwa nguvu, basi. Kwa vidukari na inzi weupe tumia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, mililita 5 kwa lita; pampu ya lita 15 ni mililita 75, yaani vijiko 5 vya chakula. Jaribu tawi moja kwanza, subiri siku 2. Piga jioni, mgongoni mwa majani, mpaka yachuruzike. Rudia baada ya siku 7, kwa sababu sabuni humuua tu yule iliyemlowesha. Ikikauka haiui tena. Sabuni ya unga usiguse, inababua majani. Vidugamba vilivyokwisha kuota gamba gumu havisikii sabuni: matawi yaliyojaa yakate uyachome.

Aliyekwisha nunua asimwage mtoni wala kuhamishia chupa nyingine. Andika SUMU, ifungie mbali na watoto, kisha mwite afisa ugani wa kata aione. Mtu akiinywa au ikimmwagikia, akaanza kutoka jasho na mate mengi, mboni zikawa ndogo kama tundu la sindano, ni hospitali saa hiyohiyo, na chupa iende naye. Msimtapishe.