Mizani ya kioo ya bafuni, kilo na stoni: inunueni ila iacheni kwenye kilo

Hii nawaandikia nyie mnaoishi Uingereza, maana walioko nyumbani habari ya stoni, kile kipimo cha uzito cha Waingereza, haiwahusu kabisa. Mizani yenyewe ni ile ya kioo ya kusimama juu, ya dijitali, haina hata jina la maana, bei poa tu, na kwenye kupima haina ubabaishaji: niliitwisha gunia la basmati la kilo 20 ikasoma 20.1, na hiyo pointi moja ni mfuko wenyewe, nikageuza ikaleta 3:2 yaani stoni 3 na ratili 2, nikapiga hesabu nikakuta iko sawa. Naipa nyota nne.

Ile ya tano nimeinyima kwa sababu ya stoni. Kwanza kitufe cha kubadilisha kiko chini ya mizani, inabidi uipindue kama chapati, halafu ukitoa betri inajirudisha yenyewe kwenye stoni. Pili zile nukta mbili ni ndogo mno, sasa stoni moja ni ratili 14 sio 10, ikiandika 11:4 ni kilo 71.7, ila ukiisoma 11.4 ukaiingiza hivyo kwenye simu unapata 72.4, ushajiongezea gramu mia saba za bure!! Tatu, na hii ndo imeniudhi zaidi, kwenye stoni inaruka ratili nzima nzima, na ratili moja ni gramu 453 na ushee, kwahiyo we umejinyima sambusa wiki nzima umepungua gramu mia mbili tatu hivi inaweza isikuonyeshe kitu, wakati kwenye kilo inasoma kila gramu mia.

Tukija kwenye mabegi ya safari, ambayo najua wengi ndo mnayoitakia. Begi ukilaza juu linafunika kioo husomi kitu, so unapanda mwenyewe, unapanda tena umelibeba, unatoa. Kwenye kilo mtoto wa darasa la pili anaweza: 77.1 toa 54.9, begi ni 22.2, uko chini ya zile 23 za ndege. Kwenye stoni hiyo hiyo inakuwa 12:2 toa 8:9, mbili haitoi tisa, unakopa stoni moja inakuwa ratili 14, unapata 3:7, halafu bado urudishe kwenye kilo maana kaunta ya ndege hawajui stoni ni mdudu gani. Nani ana muda huo na teksi iko nje?

Stoni ina kazi moja tu, maongezi. Wenyeji kazini ukiwaambia una kilo 70 wanakutolea macho, sema stoni 11 wanaelewa saa hiyo hiyo, ingawa nesi akikupima anaandika kilo. Mmarekani naye hana stoni, yeye ni ratili tupu, 154.

Kwahiyo ukifika nayo nyumbani ipindue, weka kg, basi. Usiiweke kwenye kapeti, inadanganya, iwe kwenye sakafu ngumu. Betri ni ile bapa ya CR2032, ya spea hawakupi, na ukitoka kuoga futa miguu kwanza maana kioo kinateleza kweli.