Karakana ya Kariobangi iliyoniondolea mtetemo wa kasi ya 80

Nauza mayai. Mara tatu kwa wiki nayatoa Juja alfajiri, trei 60 nyuma ya pikapu, nayasambaza madukani Githurai, Roysambu na Kasarani. Kwa hiyo mtetemo ambao dereva mwingine angeuvumilia, mimi ulikuwa unanila mtaji. Gari ni Toyota Hilux ya mwaka 1997, ya dizeli, gia tano, ile yenye bodi ndefu. Tangu Februari, mshale ukigusa 75 sakafu inaanza kuvuma, ukifika 80 kiti kizima kinanguruma, ukipita 95 unapungua kidogo. Chini ya 60, kimya kabisa. Nikifika Githurai nikifunua trei za chini nakuta nyufa. Asubuhi moja nilihesabu mayai 47.

Kabla ya Kariobangi nilizunguka karakana tatu. Ya kwanza walinipigia balansi ya magurudumu mara mbili, shilingi 300 kila gurudumu. Ya pili walisema ni tairi, nikanunua mbili za nyuma kwa 19,000. Ya tatu wakabadilisha shokamzoba. Kote nikaambiwa, "Mama, gari hili limezeeka." Nalipa, natoka, nafika 80, mtetemo uko palepale. Kilichoniuma zaidi ni kwamba katika hao wote hakuna hata mmoja aliyeketi kwenye usukani akaliendesha.

Mteja wangu mmoja mwenye matatu ndiye aliyenielekeza Kariobangi Light Industries. Karakana yenyewe haina kibao; ni uwanja wa changarawe, mabati upande mmoja na leidhi, mashine ya kuchonga vyuma, ikilia kwa jirani. Fundi, mzee wa makamo, hakufungua boneti. Aliuliza kwanza.

"Mama, kabla halijaanza kutetemeka, liliguswa wapi mara ya mwisho?"

"Klachi, fundi. Januari."

"Walibadilisha kitu kingine?"

"Senta beringi ya propela. Waliniambia imeisha."

Propela ni ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi nyuma, na senta beringi ndiyo inayoishikilia. Akaniomba ufunguo. Tukashika Outering, tukaingia Thika Road pale Allsops, tukapanda kuelekea Githurai. Alipofika 80 akiwa gia ya nne, mtetemo ukaja. Akaingiza ya tano, kasi ileile. Sauti ya injini ilishuka lakini mtetemo haukubadilika hata chembe. Akasubiri nyuma yetu kuwe wazi, akaiweka nyutro. Bado unanguruma. "Injini na klachi achana nazo," akasema. "Hii inafuata mwendo wa gari, haifuati mzunguko wa injini." Kisha akanionyesha mikono yake: usukani ulikuwa umetulia, kinachotikisika ni kiti. Shida iko nyuma au katikati.

Sehemu iliyofuata ndiyo iliyonifanya niandike haya. Alipiga dashibodi kwa kidole, du-du-du-du. "Tairi bovu hupiga hivi." Halafu akavumisha midomo kama nyuki. "Na propela huvuma hivi. Lako lipi?" Langu lilikuwa la nyuki, tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Akanieleza kuwa gurudumu likizunguka mara moja, propela inazunguka kama mara nne kwa sababu ya difu, zile gia za ekseli ya nyuma. Kwa kasi ya 80 gurudumu la Hilux linazunguka kama mara 10 kwa sekunde, propela kama mara 40. Ndiyo maana balansi na tairi mpya hazikusaidia kitu.

Tuliporudi alilipandisha kwenye stendi, akaniita nichungulie. Propela ya gari hili ni vipande viwili, na senta beringi iko katikati. Ukitaka kuibadilisha lazima uchomoe flanji, kile kipande cha kuunganishia shafti, kwenye meno yake, na kabla ya kuichomoa unapiga alama pande zote mbili ili irudi palepale. Sababu ni krosi, viungo vya umbo la msalaba vinavyounga propela: krosi ikifanya kazi ikiwa imekaa kwa pembe, haizungushi shafti kwa kasi moja, inakimbia na kupunguza mara mbili katika kila mzunguko. Krosi zikikaa kwa mpangilio wake, moja inafuta kosa la nyingine. Zikipishana, makosa yanajumlishana. Alipangusa grisi kwa kitambaa, akanishikia tochi. Nikaona alama ya patasi ya fundi fulani wa miaka ya nyuma, kidonda kimoja kwenye shafti na kingine kwenye flanji. Vilitakiwa kutazamana. Vilikuwa vimeachana kwa meno mawili.

Raba ya ile senta beringi ya Januari nayo ilikuwa imeshachanika. Hakuninunulia. Aliifungua, akanikabidhi ile ya zamani mkononi, akanituma Kirinyaga Road nikanunue mwenyewe na nilinganishe. Nilipata nzuri kwa 3,500. Nikamuuliza kama nichukue na krosi. Alizikamata moja moja, akazitikisa, akasema, "Hizi bado, mama. Weka pesa yako." Kazi yote alinitoza 2,000.

Yapo ya kulalamikia. Nilifika saa tatu asubuhi, nikaondoka saa kumi na moja jioni, kwa sababu alikuwa na magari mengine mawili. Hakuna pa kukaa ila ndoo iliyopinduliwa. Risiti ni ya kuandikwa kwa mkono, na lazima uiombe. Simu yake inalia mpaka inakatika, basi nenda tu mwenyewe, na uende mapema. Pia ukiwa unataka uliache gari uje ulichukue, hatakupenda sana. Anataka mwenye gari awepo, aone.

Kuna mtikisiko mdogo wa usukani uliobaki nikifika 100. Huo aliuona pia: alizungusha gurudumu la mbele kushoto huku ameshikilia kalamu karibu na ukingo wa rimu, nikaona pengo likifunguka na kujifunga. Rimu imepinda. Hakuigusa, alisema si kazi yake, akanielekeza kwa wanaonyoosha.

Alhamisi nilitoka Juja na trei 60, nikashikilia 80 mpaka Githurai. Sakafu kimya. Nilifungua trei za chini pale dukani, mwenye duka akinisaidia kuhesabu. Mawili. Rimu naipeleka Jumanne, siku ambayo sina mzigo.