Usiku wa roki ya gereji na baleski kwenye pabu, uzoefu wangu

Niseme mapema kabisa, usiku huu nimeupenda sana na wakiandaa mwingine naenda tena, ila sauti ya mwimbaji ilikuwa mbovu na wenye pabu inabidi walifanyie kazi. Naandika kwa urefu kidogo kwa sababu watu wengi wakisikia baleski (burlesque, onyesho la jukwaani la kucheza na kuvua mavazi taratibu kwa madoido) wanawaza ni wadada wanavua nguo basi, na wakisikia roki ya gereji wanawaza kelele, sasa hapo unakosa kitu kizuri bila sababu.

Mahali penyewe ni padogo, kaunta upande mmoja, jukwaa fupi linafika magotini tu, meza zimesogezwa ukutani ili watu wasimame. Mlangoni hakuna usumbufu, unaonyesha kitambulisho unaingia, mabaunsa wastaarabu. Kabla ya kitu chochote MC akapanda akataja sheria, piga kelele unavyotaka, piga makofi, piga miluzi, ila hakuna kugusa mchezaji na hakuna kurekodi na simu. Alisema kwa ucheshi lakini ukielewa ni kweli hatanii, na hiyo naisifu, mchezaji anayejua ukumbi uko upande wake anacheza kwa uhuru tofauti kabisa.

Bendi ni kaka mwimbaji na wapiga vyombo wanne: gitaa, besi, dramu, na dada mmoja kwenye kinanda cha ogani. Wakaanza bila salamu, mpiga dramu akahesabu kwa fimbo tu na wakalipuka. Kwa wasioujua huu muziki, ulitokana na vijana wa Marekani miaka ya 1960 waliokuwa wanafanyia mazoezi kwenye gereji za nyumbani kwao, vyombo vya bei rahisi, kodi (chords, noti kadhaa zinazopigwa pamoja) tatu tu za gitaa, nyimbo za dakika mbili au mbili na nusu, na mwimbaji anayepiga ukelele kama kapandwa na mashetani. Ukitaka kujua kilele chake katafute bendi ya The Sonics ya mji wa Tacoma, Marekani, wale jamaa walikuwa wanapiga kwa ukali ambao mpaka leo bendi nyingi hazijaufikia na hiyo ni katikati ya miaka ya 60.

Gitaa lilikuwa na ile sauti ya kukwaruza inayoitwa fazi, inayokwangua mpaka kwenye meno. Siku hizi unakanyaga pedali sauti inatoka, lakini Dave Davies, mpiga gitaa wa bendi ya Uingereza The Kinks, mwaka 1964 alichukua wembe akachana spika ya amplifaya yake ndogo ili ipate sauti iliyopasuka, na mimi naona roho ya muziki huu iko hapo hapo, chombo kimeharibika na uharibifu wenyewe ndio utamu. Huyu mpiga gitaa alielewa hilo. Hakupiga solo ndefu hata moja, anaingia, anakwaruza, anatoka.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike. Maonyesho mengi ya baleski siku hizi mchezaji anacheza na muziki uliorekodiwa, kuna mtu pembeni na kompyuta anabonyeza pleya na imeisha. Hapa bendi ilibaki jukwaani ikawa inampigia mchezaji moja kwa moja, na jamani tofauti yake ni kubwa mno.

Mchezaji wa kwanza alitoka na gauni la kijani linalong'aa na glavu nyeusi zinazopita viwiko. Bendi ikashusha, ikabaki besi na dramu tu. Akaanza kuvua glavu kidole kwa kidole, anakivuta kwa meno, na kila kidole kinapolegea mpiga dramu anagonga ukingo wa dramu mara moja, ko. Kidole kingine, ko. Alipofika kidole cha mwisho akasimama. Mpiga dramu naye akasimama, fimbo iko hewani, wanatazamana wale wawili na pabu nzima inapiga kelele avute, yeye hataki, anageuka anatutazama sisi, anamtazama tena mpiga dramu, halafu ghafla akaivuta glavu yote kwa mpigo mmoja na matoazi yakapasuka na gitaa likarudi na fazi yote. Ni glavu tu ile! Hakuna alichoonyesha zaidi ya mkono na watu walikuwa wamechanganyikiwa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kuvua siyo shughuli yenyewe, shughuli ni kuwachelewesha watu, na ili uwacheleweshe vizuri unahitaji mtu nyuma yako anayekutazama mabega na kiuno na kujua unataka kusimama lini, rekodi haiwezi kukusubiri. Na siyo jambo jipya, enzi za majumba ya baleski ya Marekani wapiga dramu walikuwa wanafanya hivi hivi kila usiku, kila kiuno kikirushwa dramu inajibu, mpaka meya LaGuardia alipoyabana majumba ya New York mwaka 1937 yakakosa leseni.

Wa pili alicheza na mapepeo mawili makubwa ya manyoya ya mbuni, mtindo uliopata jina kubwa kwa mchezaji Sally Rand kule Chicago mwaka 1933. Nilikuwa na wasiwasi maana mapepeo yanataka muziki wa taratibu na gereji siyo muziki wa taratibu. Dada wa ogani akaokoa jahazi, akashika noti ndefu zinazotetemeka na wengine wakamfuata chini chini, ikawa kama bendi nyingine kabisa. Tatizo jukwaa ni dogo, pepeo moja liliparuza stendi ya maikrofoni na ikabidi apunguze mizunguko, ukiangalia unaona kabisa anabana mikono. Alimaliza vizuri ila nilimuonea huruma, angepewa mita moja zaidi tu.

Wa tatu ndiye aliyechukua usiku. Mama mtu mzima, mwili mkubwa, anatembea jukwaani kama kwake. Alimalizia na zile tamvua zinazobandikwa kwenye chuchu, akazizungusha, kwanza zote upande mmoja, halafu moja huku moja kule, na bendi inazidi kuongeza kasi na yeye anaongeza, mpiga dramu jasho linamtoka na yeye anacheka. Nilikuwa karibu, ule ni ufundi wa misuli na mazoezi ya muda mrefu, siyo kitu cha kuamka asubuhi ukafanya. Kwangu mimi hii ndiyo sababu kubwa ya kuipenda baleski ya sasa tangu ilipofufuka miaka ya 1990, hawachagui mwili wa aina moja. Kulikuwa na wanawake wengi sana ukumbini, nadhani kuliko wanaume, na ndio walioshangilia zaidi.

Lawama sasa. Sauti ya mwimbaji haikusikika nusu ya usiku. Najua inakotokea, kwenye chumba kidogo amplifaya ya gitaa peke yake inajaza ukumbi, fundi mitambo akipandisha maikrofoni ili mwimbaji asikike spika zinaanza kupiga mluzi, akishusha mwimbaji anapotea. Dawa ipo na wala siyo gharama, shusha amplifaya au igeuze isitazame watu moja kwa moja, halafu mengine yapitishe kwenye mitambo. Hakuna aliyefanya. Ni muziki wa kelele ndiyo lakini maneno nayo ni sehemu ya muziki, na yule kaka alikuwa anaimba kwa moyo wake wote mishipa ya shingo imetoka na sisi tunaona mdomo tu. Kibaya zaidi hata MC alipokuwa anatambulisha wachezaji majina hayakusikika nyuma, na mchezaji anaishi kwa jina lake, watu watamtafutaje kesho?

La pili ni mapumziko. Yalikuwa marefu kupita kiasi, joto la watu likapoa, na muziki waliofungulia kipindi hicho ulikuwa wa disko laini usiohusiana na chochote. Kuna hazina ya muziki wa miaka ya 60 ya kuweka hapo, hata kama bendi imeenda kunywa maji. Foleni ya kaunta nayo ikawa ndefu kwa sababu wote tulienda kwa wakati mmoja na wahudumu walikuwa wachache, walijitahidi lakini walizidiwa.

Na yule jamaa wa simu. Alirekodi mchezaji wa pili karibu onyesho zima mkono juu, watu wa pembeni wakamwambia hasikii, na walinzi walimfikia mwishoni kabisa. Walimtoa, sawa, wakahakikisha amefuta, vizuri. Lakini sheria ikishatangazwa lazima kuwe na mtu anayesimama mbele kuiangalia, siyo wote wako mlangoni. Picha ya mtu akiwa amevaa vile ikisambaa haifutiki tena, na wengine wana kazi nyingine mchana.

Mwisho wa usiku wote walirudi jukwaani pamoja, wachezaji watatu na bendi, wimbo mmoja wa kasi, na hapo nikakumbuka kwamba hivi vitu viwili havijakutana kwa bahati mbaya, tangu mwaka 1964 pale kwenye klabu ya Whisky a Go Go, Los Angeles, wadada walikuwa wanacheza juu kwenye vizimba na bendi zinapiga chini yao. Mwili na gitaa chafu vinaelewana. Mama yule mkubwa alimvua MC kofia akaivaa mwenyewe na hakuirudisha.

Kama unapanga kwenda kwenye usiku wa namna hii, popote utakapokuta, nunua vizibo vya masikio, vile vidogo vya povu vinatosha, ukiwa mbele ya amplifaya bila vizibo masikio yatalia mpaka kesho yake. Wahi, simama upande wa dramu siyo upande wa gitaa, sauti inakuwa na uwiano na unaona mpiga dramu na mchezaji wanavyosemezana kwa macho, wafupi wenzangu msikubali kukaa nyuma hata kidogo maana jukwaa likiwa chini hivi mtaangalia migongo ya watu. Viatu vaeni vilivyofunika vidole, wimbo wa mwisho watu wanarukaruka na chini kumemwagika bia.