Vigari vya daikasti: kipi uanze nacho ukiwa Kigoma au Tabora

Mkusanyaji wa vigari vya daikasti, yaani midoli ya magari ya chuma, aliyeko Mwanga, Kigoma, au Gongoni, Tabora, hana duka lake maalumu. Ana duka la zawadi lenye kabati la vioo, ana fungu la mitumba lililochanganya midoli na viatu vya watoto, ana mtu wake wa Kariakoo, na ana simu. Nimepanga mwongozo huu kwa namba, nikizingatia njia hizo nne. Orodha nyingi za Ulaya huanza na vigari vya Kiingereza vya Dinky vya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Hapa Dinky hizo ziko mkiani, na sababu utaiona ukifika huko.

Msimamo wangu ni huu: nunua gari unalolijua kwa macho barabarani, likiwa katika hali nzuri, na jipya kama linapatikana. Umri wake uulize mwisho.

Kabla ya kupanga namba, ujue unachoshika. Kigari cha daikasti ni aloi ya zinki iliyoyeyushwa na kusukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma. Ukikishika asubuhi kina ubaridi, na uzito wake unazidi umbo lake. Sumaku haikamati bodi, inakamata ekseli tu. Ikinasa bodi nzima, hiyo ni bati. Na kikiwa chepesi, ukikigonga kwa kucha kinalia kama kifuniko cha chupa ya maji, basi ni plastiki iliyopakwa rangi ya kung'aa, hata mwenye duka aape. Sumaku ndogo ya spika mbovu inatosha, fundi redio yeyote atakupa.

Kuna pia suala la skeli, yaani gari la kweli limepunguzwa mara ngapi. Skeli ya 1:64 ni kigari cha takriban sentimita 7, kinalala kiganjani. Ya 1:43 inafika sentimita 10 hivi, na 1:18 inagusa 25. Anayeanza akichanganya skeli zote, baada ya mwaka rafu yake haina mpangilio: Land Cruiser inakuwa ndogo kuliko Vitz. Chagua moja. Kwa kipato cha wengi wetu na nyumba zetu za kupanga, chagua 1:64.

Namba moja: Matchbox mpya

Wengi wangetaja Hot Wheels hapa. Zote mbili ni za kampuni moja, Mattel ya Marekani, tangu Mattel ilipoichukua Matchbox mwaka 1997, na bei zake zinakaribiana. Tofauti ni kwamba Matchbox bado inatengeneza magari ya kazi: pikapu, magari ya wagonjwa, ya zimamoto, malori, na Land Rover za kila umri. Land Rover ya kwanza ya Matchbox ilitoka mwaka 1955, gari la kweli lenyewe likiwa na miaka saba tu tangu lianze kuuzwa. Kwa mtu wa mkoa ambao Land Rover ilifika vijijini kabla ya basi, hiyo peke yake ni sababu ya kutosha.

Hata asili yake inavutia. Lesney, kiwanda kidogo cha London kilichozaa Matchbox, kilichoanzishwa mwaka 1947, kilikuwa na fundi aitwaye Jack Odell. Shule ya binti yake iliruhusu watoto kuja na mchezo unaoingia ndani ya kiberiti tu, hivyo akamtengenezea kishindilia barabara kidogo. Kuanzia 1953 vigari vyenyewe vikauzwa ndani ya maboksi yaliyochorwa kama viberiti, ndiyo maana ya jina Matchbox, yaani boksi la kiberiti.

Marekani kigari kimoja cha kawaida kinauzwa dola moja na ushee. Kikishapita bandarini, Kariakoo, kisha basi au treni mpaka huku, bei itakuwa imepanda mara kadhaa, na hilo halina ujanja. Linalokataliwa ni muuzaji wa mtandaoni anayekiita "adimu" kwa sababu tu kadi yake ya kufungia ina rangi tofauti. Mwambie akuonyeshe namba na jina la kigari kwenye kadi, kisha utafute mwenyewe. Cha kawaida hakigeuki adimu kwa kusafirishwa.

Hot Wheels nazipa nafasi ya pili ndani ya kundi hilihili. Sehemu kubwa ya magari yake ni ya kubuni, yenye mabawa na mabomba ya moshi, na hayo waachie watoto. Chukua zile zinazofuata gari la kweli: Datsun 240Z, ambayo ilishinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, au Land Cruiser 80. Na tahadhari mbili. Mwaka uliochapwa chini ya kigari ni mwaka wa haki ya muundo, si mwaka kilipotoka kiwandani, kwa hiyo "1998" tumboni inaweza kuwa imetengenezwa mwaka jana. Ya pili ni zile zinazoitwa Treasure Hunt, matoleo machache ya Hot Wheels yaliyoanza mwaka 1995. Ya kawaida ina kialama cha mwali wa moto. Ile ya daraja la juu ina herufi TH mwilini, rangi ya kung'aa ndani kwa ndani, na matairi ya mpira. Muuzaji akikutajia jina hilo na matairi ni plastiki ngumu, usilipe bei ya daraja la juu.

Namba mbili: Tomica

Kama ungeniuliza kwa moyo tu, Tomica ingekuwa ya kwanza. Inashindwa kwa sababu kuipata ni kazi, basi. Kampuni ya Tomy ya Japani ilianza kuzitoa mwaka 1970, zote zikiwa za Kijapani, na mpaka leo ukifungua orodha yake unaona barabara ya Kasulu: Hiace, Land Cruiser, Isuzu Elf, Crown za wakubwa, na Suzuki Carry, kirikuu yetu ile ile inayobeba ndizi na magunia ya mkaa. Nyingi zina springi, ukibonyeza zinanesa, na milango ya baadhi inafunguka.

Jambo moja linawaudhi wenye macho makali: Tomica ya kawaida haifuati skeli moja. Kila gari limepunguzwa liingie kwenye boksi la kipimo kilekile, kwa hiyo basi na Vitz vinalingana urefu. Mimi halinisumbui. Likikusumbua wewe, tafuta Tomica Limited Vintage, ambazo zote ni 1:64 na zimefanyiwa kazi ya sonara, lakini jiandae kulipa kisonara pia.

Zilizochapwa neno Japani chini ni za zamani zaidi, baadaye kazi ilihamia China, na za sasa zinatoka Vietnam. Ubora wa Vietnam ni mzuri, usidanganywe ulipe zaidi kwa neno Japani kwenye kigari kilichochubuka.

Namba tatu: Majorette

Ni ya Kifaransa kwa kuzaliwa, mwaka 1961, ya Wajerumani wa Simba Dickie kwa umiliki wa sasa, na ya Thailand kwa kiwanda. Springi nzuri, milango inayofunguka kwenye nyingi, bei ya kati. Ukiikuta dukani ikiwa kwenye kadi yake, chukua bila kufikiri sana.

Namba nne: fungu la mitumba

Hapa ndipo mtu wa Kigoma na Tabora anapoweza kumshinda mkusanyaji wa London, maana kule kila kitu kimeshachambuliwa na wenye maduka. Belo la midoli linafunguliwa, watoto wa wauzaji wanachukua vyao, vilivyobaki vinamwagwa kwenye turubai. Katikati ya wanasesere wasio na mkono mnaweza kuwamo Matchbox iliyotengenezwa na wanadamu ambao sasa ni wazee wastaafu.

Utaratibu ni kugeuza kila kigari tumbo juu. Maneno "Lesney" na "England" yanamaanisha kimetoka kabla kiwanda hicho hakijafilisika mwaka 1982. "Macau" ni ya miaka iliyofuata, mwenye mali mpya alipohamishia kazi Mashariki ya Mbali. China na Thailand ni za karibuni. Halafu angalia magurudumu. Kabla ya 1969 Matchbox zilikuwa na magurudumu ya taratibu, yenye ekseli nene. Hot Wheels ziliingia sokoni mwaka 1968 na vigurudumu vinavyoteleza kwa kasi, Lesney ikatikisika, ikaja na Superfast zenye ekseli nyembamba kama sindano. Hot Wheels yenye mstari mwekundu kuzunguka tairi ni ya kati ya 1968 na 1977, na hiyo ukiikuta kwenye turubai usipige kelele. Changanya na vitu vingine vitatu, uliza bei ya vyote kwa pamoja, na utoe simu mfukoni baada ya kuondoka tu.

Kagua ribiti, yaani zile pini mbili zinazounganisha bodi na sakafu. Ribiti asilia imebondwa kichwa, imetandaza vizuri. Ukiona imetobolewa, ina skrubu au gundi, kigari kimeshafunguliwa, pengine kimepakwa rangi upya. Kwa kuchezea si kitu, kwa kukusanya kinapoteza thamani kubwa. Vioo vilivyochakaa, rangi iliyochubuka kwenye kona, hayo yavumilie. Ekseli iliyopinda inanyooka. Kilichokatika hakirudi.

Na usijaribu kukipendezesha. Rangi ya fundi wa bodi, hata awe hodari namna gani, inageuza kitu cha mwaka 1965 kuwa kitu cha juzi. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na mswaki laini vinatosha, kisha kausha ekseli palepale kwa sababu hizo ni chuma na zinashika kutu. Vigari vya zamani sana usimpe mtoto anayetia kila kitu mdomoni, rangi za enzi zile zilikuwa na madini ya risasi.

Namba tano: 1:43, kwa wenye kumbukumbu ya Safari Rally

Skeli hii ni ya watu wazima, na ina utajiri unaotuhusu. Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na magari yaliyoshinda ndiyo yaliyokuja kuwa teksi na magari ya wakuu wa wilaya. Volkswagen ilishinda 1954, 1957 na 1962. Peugeot 404 ilichukua 1963, kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968. Peugeot 504 ikashinda 1975 na 1978. Mzee yeyote wa Ujiji aliyewahi kubanana kiti cha nyuma cha 504 atakueleza kwa nini.

Norev na Solido, zote za Ufaransa, zina Peugeot za kila aina, na IXO ina magari ya rali, yakiwa na namba na chapa za mashindano. Kazi ya mkono ni nzuri, chini huwa yamefungwa kwa skrubu kwenye kibao na kufunikwa boksi la plastiki angavu. Katika za zamani, iliyo karibu na nyumbani kuliko zote ni Corgi namba 256 ya miaka ya 1960: Volkswagen nyekundu ya machungwa yenye vifaa vya Safari, pamoja na sanamu ya kifaru. Corgi zilitengenezwa Wales, na zilijisifu tangu 1956 kuwa na vioo madirishani wakati wenzao hawana. Ukiuziwa hiyo 256, uliza kifaru kwanza. Bila kifaru bei ishuke sana.

Tatizo la kundi hili ni gharama ya njiani. Bei ya kigari, nauli ya posta, ushuru wa forodha na VAT, vyote vijumlishe kabla hujabonyeza kununua. Wanaoagiza vizuri huungana, wanaleta boksi moja.

Namba sita: 1:18

Bburago na Maisto zinaonekana kwenye makabati ya maduka ya zawadi, milango, boneti na buti vikifunguka. Zinavutia wageni sebuleni. Lakini moja inakula nafasi ya vigari kumi, na vumbi la kiangazi cha Tabora linaingia mpaka kwenye injini. Nunua moja, ya gari unalolipenda kuliko yote, ukaishie hapo.

Mkiani: Dinky za kabla ya vita

Dinky zilizaliwa Liverpool, kwa kampuni ya Meccano, miaka ya 1933 na 1934, kama mapambo ya treni za kuchezea za Hornby. Ni historia tukufu na ni mtego. Zinki ya miaka ile mara nyingi ilichafuliwa na risasi, na uchafu huo unaifanya bodi ivimbe, ipasuke nyufa ndogondogo, mwisho ibomoke yenyewe rafuni. Unyevu na joto vinaharakisha, na sisi wa Kigoma tunaishi kando ya ziwa. Hakuna dawa ya kuurudisha nyuma ugonjwa huo.

Dinky za baada ya vita ni salama zaidi, mpaka kiwanda kilipofungwa mwaka 1979, ila hapo unakutana na nakala za kisasa zilizouzwa kwa jina la Atlas, maboksi yake yakiwa yamenakiliwa ya kale. Nakala ni nzuri kama imeuzwa kama nakala. Boksi jipya kabisa kwa gari la mwaka 1958 linahitaji maelezo.

Kununua kwa simu, na kuhifadhi

Omba picha ya tumbo la kigari, picha ya pembe nne, na karatasi yenye jina lako na tarehe ikiwa pembeni. Anayekataa ana sababu. Ukituma pesa kwa simu kwa mtu usiyemjua, anza na kitu cha bei ndogo. Mzigo wa basi mwambie azungushie kila kigari karatasi, na magurudumu yasigusane na bodi ya kingine, maana mtikisiko wa safari nzima unasaga rangi.

Nyumbani, weka mbali na dirisha, jua linaua nyekundu kwanza. Vile vipakiti vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya usivitupe, vitie ndani ya boksi lenye mfuniko. Matairi ya mpira laini yakikaa miezi juu ya plastiki yanaila, kwa hiyo tandika karatasi chini yake. Na kadi: ukikusanya kwa ajili ya kuuza, usifungue. Ukikusanya kwa kupenda, fungua, kwa sababu kadi ni karatasi, na kwetu mchwa na mende wanaifikia kabla ya mnunuzi.